Nyuso Zenye Kumbukumbu: Historia ya Upimaji wa Kani kati ya Nyuso Zilizofunikwa na Polima Zenye Chaji, 1857–2003

1. Utangulizi

Katika historia ya sayansi, jambo linaweza kutumiwa kwa karne nyingi kabla ya kupimwa. Wino ni mfano mmojawapo. Masizi yakitiwa katika maji matupu hujikusanya na kutuama. Yakichanganywa na gundi ya mgunga hubaki yameelea, na mwandishi hupata wino unaotiririka vizuri katika kalamu. Waandishi wa Misri ya kale walitumia njia hiyo maelfu ya miaka kabla ya kuwapo kwa maelezo ya sababu yake. Leo inafahamika kwamba gundi hiyo ina minyororo mirefu ya molekuli yenye chaji hasi, na kwamba minyororo hiyo hujishikiza kwenye chembe za masizi na kuzizuia zisikaribiane. Maji ya mto yenye tope huonyesha upande wa pili wa jambo hilohilo. Unga wa mbegu za mlonge ukikorogwa katika maji hayo, chembe za udongo hushikamana, huwa mabonge na hutuama. Protini zinazofanya kazi hiyo zina chaji chanya. Kwa hiyo kundi moja la vitu, yaani polima zenye chaji, huzitenga chembe katika hali moja na kuzikusanya katika hali nyingine.

Polima ni molekuli ndefu iliyoundwa na vijenzi vidogo vinavyojirudia, mithili ya shanga katika uzi. Polima huwa na chaji pale ambapo baadhi ya vijenzi hivyo hupoteza ioni zao ndani ya maji na kubaki na umeme chanya au hasi. Swali la msingi la makala haya ni hili: wanasayansi walifikaje mahali pa kuweza kupima, badala ya kukisia, kani iliyopo kati ya nyuso mbili zilizofunikwa na polima za aina hiyo? Aidha, walipoweza kuipima, walikuwa wamepima nini hasa?

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba historia hii haielezeki vyema ikisimuliwa kama safari iliyonyooka ya vyombo vinavyozidi kuwa bora. Kila chombo kilileta uwezo fulani na kuficha jambo fulani. Zaidi ya hapo, polima zenye chaji ziliwalazimisha wapimaji kukabili tatizo ambalo wenzao waliopima nyuso tupu hawakulazimika kulikabili kwa uzito uleule, yaani kwamba uso uliofunikwa na polima hutunza athari ya yaliyoupata. Kani inayosomwa leo hutegemea umbali wa nyuso, na pia hutegemea namna nyuso hizo zilivyotayarishwa na kukaribishwa hapo awali.

2. Maarifa kabla ya kipimo

Mwaka 1857 Michael Faraday alichapisha matokeo ya majaribio yake ya London kuhusu chembe ndogo mno za dhahabu ndani ya maji. Majimaji hayo yalikuwa na rangi nyekundu ya kito cha yakuti. Alipoyatia chumvi, rangi iligeuka kuwa ya buluu, ishara kwamba chembe zilikuwa zimeanza kuungana. Faraday alibaini pia kwamba jelatini kidogo ikitangulizwa, chumvi ilishindwa kuleta mabadiliko hayo. Jelatini ni protini yenye chaji chanya na hasi katika mnyororo mmoja. Kwa hiyo jaribio hilo ni miongoni mwa kumbukumbu za mwanzo za kimaabara kuhusu polima yenye chaji inayozikinga chembe.

Mwaka 1901 Richard Zsigmondy aliugeuza ukinzani huo kuwa tarakimu. Alipendekeza kipimo kilichoitwa namba ya dhahabu: idadi ya miligramu za kitu kikingaji kinachotosha kuzuia kubadilika kwa rangi ya mililita 10 za majimaji ya dhahabu pale inapoongezwa mililita 1 ya chumvi ya asilimia 10. Jelatini ilihitajika kwa kiasi cha takribani sehemu moja ya mia ya miligramu au pungufu, ilhali gundi ya mgunga ilihitajika zaidi ya mara kumi ya kiasi hicho. Zsigmondy alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1925 kwa kazi zake kuhusu koloidi. Hata hivyo, namba ya dhahabu ilipima matokeo na kuiacha sababu. Ilieleza ni kiasi gani cha jelatini kinachokinga. Haikueleza kinga hiyo inaanzia umbali gani, ina ukubwa gani, wala inatokana na nini.

Msingi wa nadharia uliwekwa katika muongo wa 1940. Boris Derjaguin na Lev Landau katika Umoja wa Kisovyeti mwaka 1941, kisha Evert Verwey na Theodoor Overbeek wa Uholanzi katika kitabu chao cha mwaka 1948, walieleza uthabiti wa chembe ndani ya maji kwa kani mbili zinazoshindana. Ya kwanza ni kani ya van der Waals, ambayo huzivuta chembe. Ya pili ni kani ya umeme itokanayo na wingu la ioni lililozunguka kila uso wenye chaji, ambayo huzisukuma. Chumvi ikiongezwa, wingu hilo husinyaa, msukumo hupungua, na mvuto hushinda. Nadharia hiyo ilieleza vizuri dhahabu tupu ya Faraday, lakini haikuieleza dhahabu iliyokingwa na jelatini, kwa sababu ndani yake polima hazikuwa na nafasi.

Pengo hilo lilijazwa kwa maelezo mbalimbali. Mwaka 1952 R. A. Ruehrwein na D. W. Ward, waliochunguza udongo wa mfinyanzi, walieleza kwamba mnyororo mmoja wa polima unaweza kujishikiza kwenye chembe mbili kwa pamoja na kuwa kama daraja kati yake. Mwaka 1973 John Gregory wa London alitilia mkazo maelezo tofauti: polima chanya hujilaza juu ya uso hasi kama viraka, na kiraka chanya cha chembe moja huvutwa na sehemu hasi iliyo wazi ya chembe nyingine. Maelezo yote mawili yalitabiri jambo lilelile kwa macho ya mtazamaji: mabonge hutuama na maji huwa meupe. Katika mitambo ya kusafisha maji na viwanda vya karatasi, ambako polima hizo zilikuwa zikitumika kwa wingi, kutuama kwa mabonge kulitosha. Kwa mtu aliyetaka kujua sababu hakukutosha. Ili kuamua kati ya daraja na kiraka, ilibidi nyuso mbili zikaribishwe polepole na kani isomwe katika kila umbali.

3. Ulanga na chombo cha kupimia kani

Kikwazo cha kwanza kilikuwa uso wenyewe. Kani zinazohusika hujitokeza katika umbali wa nanomita chache hadi makumi ya nanomita, na nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Kioo kilichong'arishwa kwa ustadi bado huwa na vilima na mabonde yanayokaribia au kuzidi umbali huo. Katika muongo wa 1950, makundi ya Moscow na Utrecht yalijaribu kupima mvuto kati ya vipande vya kioo na vya kwatsi. Matokeo yao ya awali hayakuafikiana, na vipimo vyote viliishia katika umbali mkubwa kuliko ule ambao kemia ya koloidi ilihitaji kuujua.

Suluhisho lilitoka katika madini. Ulanga, ambao ulichimbwa pia katika milima ya Uluguru tangu enzi ya utawala wa Kijerumani na ambao viwanda viliutumia kama kizuia umeme, una sifa ya kupasuka kwa matabaka. Fundi mwangalifu anaweza kupata kipande chembamba ambacho uso wake ni laini hadi kiwango cha atomu katika eneo la sentimita kadhaa za mraba. Katika Maabara ya Cavendish ya Chuo Kikuu cha Cambridge, David Tabor na R. H. S. Winterton walitumia sifa hiyo kupima kani za van der Waals hewani, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1968 na 1969. Jacob Israelachvili, mwanafunzi wa Tabor, aliendeleza kazi hiyo, na mwaka 1972 wawili hao walichapisha vipimo vilivyofika umbali wa nanomita 1.5.

Utendaji wa chombo hicho unastahili kuelezwa, kwa kuwa mijadala yote iliyofuata inautegemea. Vipande viwili vya ulanga vyenye unene wa mikromita chache hupakwa fedha upande wa nyuma, kisha hugandishwa juu ya vioo vyenye umbo la silinda na nusukipenyo cha takribani sentimita 1. Silinda hizo huwekwa zikiwa zimekingamana kwa pembe ya digrii 90. Mwanga mweupe ukipitishwa, huakisiwa mara nyingi kati ya tabaka mbili za fedha, na ni rangi chache tu zinazotoka. Mahali pa rangi hizo katika spektra hutoa umbali kati ya nyuso kwa usahihi wa takribani nanomita 0.1. Uso mmoja hushikiliwa na springi. Uso wa pili husogezwa kwa kiasi kinachojulikana. Ikiwa umbali haukubadilika kwa kiasi hichohicho, tofauti hiyo ni mpindo wa springi, na mpindo ukizidishwa kwa ugumu wa springi hutoa kani. Chombo kiliweza kutambua kani ya takribani sehemu moja kwa milioni kumi ya nyutoni, sawa na uzito wa mikrogramu 10 hivi.

Mambo mawili yaliongeza thamani ya chombo hiki. Kwanza, Derjaguin alikwisha kuonyesha mwaka 1934 kwamba kani kati ya nyuso zilizopinda, ikigawanywa kwa nusukipenyo, huwiana na nishati kati ya nyuso bapa. Hivyo matokeo ya maabara moja yangeweza kulinganishwa na ya nyingine na pia na nadharia. Pili, umbali ulipimwa moja kwa moja kwa mwanga, ukianzia mahali ambapo ulanga mtupu uligusana na ulanga mtupu. Sifa hii ya pili ilionekana ya kawaida wakati huo. Uzito wake ulikuja kufahamika baadaye, ilipokosekana.

Israelachvili alihamia Canberra, Australia, katikati ya muongo wa 1970. Huko, yeye na Gayle Adams waliingiza nyuso za ulanga ndani ya maji yenye chumvi. Matokeo yao, yaliyochapishwa kati ya 1976 na 1978, yalionyesha kwamba kani ya umeme hupungua kwa kadiri ya umbali kama ilivyotabiriwa na nadharia ya muongo wa 1940. Ulanga ukiwa majini hupoteza ioni za potasiamu na kubaki na chaji hasi. Katika muundo wa fuwele yake, kila nanomita za mraba 0.48 zina nafasi ya chaji moja. Uso laini, wenye chaji inayojulikana na kani inayojulikana, ulikuwa tayari kupokea polima.

4. Kutoka polima zisizo na chaji hadi polima zenye chaji

Wapimaji hawakuanza na polima zenye chaji. Mwaka 1979 Israelachvili, R. K. Tandon na L. R. White walichapisha vipimo vya ulanga ndani ya maji yenye polietilini oksaidi, polima isiyo na chaji. Mwaka 1980 Jacob Klein, aliyefanya kazi katika Maabara ya Cavendish, alichapisha vipimo vya polistirini katika kimiminika cha sikloheksani, na mwaka 1982 yeye na Paul Luckham wakarudi kwenye polietilini oksaidi. Kazi hizo ziliweka wazi kanuni moja. Katika kimiminika ambacho minyororo inakipenda, matabaka mawili yakikutana husukumana, kwa kuwa minyororo iliyobanwa hupoteza uhuru wake wa kujikunja na kujinyoosha. Katika kimiminika ambacho minyororo haikipendi sana, matabaka huvutana kabla ya kuanza kusukumana.

Mwaka 1984 Luckham na Klein walichapisha vipimo vya kani kati ya nyuso za ulanga zilizofunikwa na polilisini, polima ya asidi amino yenye chaji chanya. Hapo ndipo tatizo lilipobadilika sura. Kwa polima isiyo na chaji, mpimaji alihitaji kufuatilia mambo mawili: mvuto wa minyororo kwa uso na uhusiano wake na kimiminika. Kwa polima yenye chaji, mambo yaliongezeka kwa pamoja. Chaji ya uso huvuta mnyororo. Chaji za mnyororo husukumana zenyewe kwa zenyewe na kuunyoosha. Ioni ndogo zilizokuwa zimefungwa karibu na uso na karibu na mnyororo huachiliwa, na kuachiliwa huko kwenyewe huchochea mnyororo kujishikiza. Chumvi ya maji hudhoofisha misukumo na mivuto yote ya umeme kwa mpigo. Hakuna hata jambo moja kati ya hayo linaloweza kubadilishwa pasipo kugusa mengine.

5. Chumvi, asidi na suala la daraja

Njia iliyofuatwa na makundi mengi ilikuwa kubadilisha jambo moja kwa utaratibu na kutazama mkondo wa kani unavyobadilika. Mwaka 1988 Johannes Marra na Michael Hair, waliofanya kazi Kanada, walichapisha vipimo vya polima ambayo chaji yake huongezeka kadiri maji yanavyozidi kuwa na asidi, wakibadilisha chumvi na chaji hiyo. Mwaka 1992 Per Claesson na Barry Ninham walichapisha kazi kama hiyo kuhusu kitosani, polima inayotengenezwa kutokana na magamba ya kamba na kaa. Kitosani huwa na chaji chanya nyingi katika maji ya asidi na huipoteza asidi inapopungua. Hivyo tabaka lilelile juu ya uso uleule liliweza kupitishwa katika hali tofauti za chaji, na kani kati ya nyuso ilibadilika sambamba.

Nadharia ilikuwa ikisonga pia. Huko Wageningen, Uholanzi, Jan Scheutjens na Gerard Fleer walichapisha mwaka 1979 na 1980 mfumo wa kukokotoa namna minyororo inavyojipanga karibu na uso, na mwaka 1984 H. A. van der Schee na Johannes Lyklema wakauingizia chaji. Mwaka 1989 Torbjörn Åkesson, Clifford Woodward na Bo Jönsson walichapisha ukokotoaji wa kompyuta ulioonyesha kwamba nyuso mbili zenye chaji ya aina moja zinaweza kuvutana endapo kati yake kuna polima zenye chaji kinyume. Sababu ni kwamba mnyororo mmoja unaweza kuwa na sehemu zake kwenye nyuso zote mbili. Daraja lililokisiwa mwaka 1952 kwa kutazama udongo ukituama, sasa lilikuwa na hesabu yake.

Mwaka 1993 kazi hizo mbili, ya kupima na ya kukokotoa, zilikutana katika makala ya Mats Dahlgren, Claesson, Åkesson, Jönsson na wenzao wa Uswidi kuhusu polima yenye chaji chanya iliyonata kwenye ulanga. Katika maji yenye chumvi kidogo sana, polima ilisawazisha chaji ya ulanga. Msukumo wa umeme ulitoweka na nyuso zikavutana katika umbali mfupi. Katika maji kama hayo, wingu la ioni la uso wenye chaji hufika mbali: chumvi ya moli 0.0001 kwa lita hutoa kina cha nanomita 30 hivi. Kwa hiyo kutoweka kwa msukumo wa umbali huo kulikuwa ushahidi wa wazi kwamba chaji ya uso ilikuwa imesawazishwa. Chumvi ilipoongezwa, mnyororo ulilegea kutoka kwenye uso, tabaka likavimba, na mvuto ukapisha msukumo. Jambo hili lingeonekana la ajabu kwa macho ya nadharia ya 1948. Kwa nyuso tupu, chumvi huleta mvuto. Kwa nyuso hizi, chumvi iliuondoa.

Haifai, hata hivyo, kusema kwamba daraja lilishinda na kiraka kikashindwa. Ulanga una chaji iliyosambaa kwa ulinganifu na nyingi kuliko nyuso nyingi nyingine. Polima yenye chaji nyingi hukaa juu yake kama zulia. Juu ya uso ambao chaji zake ziko mbalimbali, polima hiyohiyo inaweza kukaa kama viraka. Kipimo kilijibu swali la ulanga kwa uhakika. Kuhusu udongo wa mto, kilitoa mwongozo tu.

6. Suala la muda

Kadiri vipimo vilivyoongezeka, ndivyo lilivyojitokeza tatizo ambalo nadharia za msawazo hazikuwa zimeliandalia nafasi. Nadharia hizo huchukulia kwamba, katika kila umbali, minyororo imepata muda wa kutosha kujipanga kwa namna inayoipa nishati ndogo kabisa. Tayari katika kazi ya polietilini oksaidi, Klein na Luckham waliona kwamba mbano wa haraka uliacha alama: nyuso zilipoachanishwa na kukaribishwa tena mara moja, kani haikuwa ileile, na tabaka lilihitaji muda kurejea katika hali yake.

Kwa polima zenye chaji, hali ilikuwa nzito zaidi. Mnyororo wenye mamia ya chaji chanya juu ya uso hasi umefungwa kwa mamia ya mafundo. Kila fundo peke yake linaweza kufunguka, lakini kufunguka kwa yote kwa pamoja hakutokei kwa urahisi. Majimaji ya polima yakiondolewa na kubadilishwa kwa maji safi, tabaka hubaki. Tabaka lililoundwa katika maji yasiyo na chumvi kisha likatiwa chumvi si lazima lifanane na tabaka lililoundwa tangu mwanzo katika maji ya chumvi, japokuwa mwishoni matabaka yote mawili yamo katika majimaji ya aina moja. Kani ya kukaribiana kwa mara ya kwanza huweza kutofautiana na ya mara ya pili, na kani ya kukaribiana hutofautiana na ya kuachana.

Wapimaji walilijibu tatizo hili kwa kubadilisha desturi za uandishi wao. Ripoti zilianza kueleza kwa kawaida muda ambao polima iliachwa inate, utaratibu wa kuongeza chumvi, idadi ya mikaribiano na kasi yake. Mikondo ya kwenda na ya kurudi ilichorwa kwa alama tofauti katika mchoro mmoja. Mabadiliko hayo yana uzito mkubwa kifalsafa ingawa yalijitokeza kama taratibu za maabara. Kani kati ya sayari mbili haihitaji kuelezwa zilikuwa wapi mwaka uliopita. Kani kati ya nyuso hizi ilihitaji maelezo ya namna hiyo, na mpimaji asiyeyatoa alikuwa ametoa tarakimu isiyoweza kurudiwa na mwingine.

7. Chombo kipya na hasara mpya

Mwaka 1986 Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber walichapisha uvumbuzi wa hadubini ya kani za atomu, chombo kinachotumia kijiti chembamba chenye ncha kali kinachopinda kinapoguswa na kani. Mwaka 1991 William Ducker, Tim Senden na Richard Pashley wa Canberra waligundisha tufe dogo la silika, lenye nusukipenyo cha mikromita chache, kwenye kijiti hicho na kupima kani kati ya tufe hilo na uso bapa. Tangu hapo haikuwa lazima uso uwe wa ulanga. Silika, selulosi, plastiki na madini mengine yaliweza kupimwa, na mkondo mmoja wa kani ulipatikana kwa sekunde badala ya saa.

Faida hiyo ilikuwa kubwa hasa kwa watu wa viwanda na wa usafishaji wa maji, ambao chembe zao hazikuwa za ulanga. Lakini chombo kipya hakikuwa na mwanga wa kupima umbali halisi. Sifuri ya umbali ilikisiwa kutokana na mahali ambapo kijiti na uso vilianza kusogea pamoja bila kuachana. Kwa nyuso ngumu na tupu, hapo ndipo mahali pa kugusana. Kwa nyuso zilizofunikwa na polima, hapo ni mahali ambapo tabaka limebanwa hadi kugoma, na unene wa tabaka lililobanwa haujulikani. Kipimo cha zamani kingeweza kusema kwamba kuna nanomita mbili za polima zilizobaki kati ya nyuso. Kipimo kipya kiliziita sifuri. Aidha, ukaribishaji wa haraka ulioleta wingi wa data ndio huohuo unaoinyima minyororo muda wa kujipanga. Tatizo la muda lililoelezwa hapo juu halikuondoka. Lilihamia katika chombo ambacho watumiaji wake wengi hawakulazimika kungoja.

Kwa sababu hizo chombo cha zamani hakikutupwa, na matokeo yake mashuhuri yalikuwa bado mbele. Mwaka 2003 Uri Raviv, Klein na wenzao walichapisha vipimo vya nyuso zilizooteshwa polima zenye chaji kwa msongamano, minyororo ikiwa imesimama kama nywele za brashi. Safari hii walipima kani ya kukaribiana pamoja na kani ya kuteleza. Kizigeu cha msuguano kilikuwa chini ya takribani 0.001, hata kwa shinikizo la angahewa kadhaa na mwendo wa polepole. Maelezo yaliyotolewa yanarejea katika misingi iliyokwisha kujengwa: ioni zilizofungiwa ndani ya brashi huzuia minyororo ya pande mbili isiingiliane, na maji yanayozizunguka chaji hulainisha mwendo. Watafiti walihusisha jambo hilo na viungo vya mwili, kama goti, ambamo gegedu hufunikwa na molekuli ndefu zenye chaji.

8. Hitimisho

Makala haya yamefuatilia njia iliyoanzia katika rangi ya dhahabu ya Faraday hadi katika brashi za polima za mwaka 2003. Matokeo matatu yanajitokeza. La kwanza ni kwamba matumizi yalitangulia kipimo, na kipimo hakikuyafuta matumizi. Wanawake wa Sudan waliosafisha maji kwa mbegu za mlonge, ambao utaratibu wao ulichunguzwa na Samia Al Azharia Jahn, walikuwa na maarifa sahihi kuhusu kiasi, ukorogaji na muda wa kungoja. Sayansi ya nyuso ililiendea jambo hilohilo kwa kuchelewa: mwaka 2010 Habauka Kwaambwa, Maja Hellsing na Adrian Rennie walichapisha vipimo vya nyutroni vya namna protini za mlonge zinavyojipanga juu ya silika. Vipimo hivyo vilitoa unene na wingi wa tabaka. Havikuwa vipimo vya kani.

Tokeo la pili ni kwamba uchaguzi wa kitu cha kupimia uliamua kinachoweza kujulikana. Kwa zaidi ya muongo mmoja, maarifa ya dunia kuhusu kani kati ya nyuso zenye polima yalikuwa, kwa kiasi kikubwa, maarifa kuhusu ulanga. Uhalali wake kwa udongo, karatasi au gegedu ulipaswa kuthibitishwa upya katika kila hali, na haukupaswa kuchukuliwa kuwa umekwisha kupatikana.

Tokeo la tatu linahusu maana ya kipimo chenyewe. Kani kati ya nyuso zilizofunikwa na polima zenye chaji ilipatikana kuwa tarakimu isiyokamilika bila masimulizi ya tabaka: liliundwa katika maji gani, liliachwa kwa muda gani, lilibanwa mara ngapi. Jambo hili lina athari ya kivitendo katika usafishaji wa maji. Mtambo unaotia polima kabla ya chumvi za shabu na mtambo unaofanya kinyume chake inaweza kupata mabonge tofauti kwa viambato vilevile na viwango vilevile. Mwendeshaji anayefuata orodha ya viwango pekee hana taarifa zote anazozihitaji. Utaratibu nao ni sehemu ya kipimo.